Stokes, mtu aliyewasha maji ya kwinini

Mvunja fedha wa Kamembe akiitilia shaka noti ya dola 100, huimulika kwa taa ya zambarau. Uzi uliomo ndani ukiwaka rangi ya waridi, biashara inaendelea. Aliyeeleza siri ya mwako huo ni George Gabriel Stokes, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Skreen, Ireland, mwaka 1819.

Akiwa na miaka 30 alikuwa tayari profesa wa hisabati Cambridge. Katika chumba chenye giza alitawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akapitisha chupa ya maji ya kwinini katika rangi moja baada ya nyingine. Karibu rangi zote hazikuleta kitu. Alipovuka zambarau, mahali jicho linapoona giza tupu, maji yakawaka buluu! John Herschel alikwisha kuuona ubuluu huo mwaka 1845. Stokes ndiye aliyeueleza, mwaka 1852: kwinini humeza mwanga usioonekana na kutoa unaoonekana. Ni dawa ile ile iliyotengenezwa Bukavu, ng'ambo ya Ruzizi, kwa magome ya miti ya Kivu.

Alifariki mwaka 1903, kabla ya hadubini ya mwako kuundwa. Leo wataalamu hutia rangi zinazowaka kwenye vipande vyembamba vya ubongo wa binadamu, wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, wakazitambua aina kwa aina. Mgonjwa wa saratani ya ubongo naye huweza kunyweshwa dawa kabla ya upasuaji; uvimbe huwaka wekundu chini ya taa ya buluu, daktari akajua pa kukata na pa kuacha.