Mtoto Aliyeachwa Mlangoni

Mji wa Kisangani uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, kwa heshima ya msafiri Henry Morton Stanley. Lakini Stanley halikuwa jina lake la kuzaliwa. Na mtu huyo aliyeogopwa na wengi katika mto Kongo alikuwa kwanza mtoto asiyetakiwa na jamaa zake.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 mjini Denbigh, katika nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, hakuwa ameolewa. Aliyetajwa kuwa baba hakumlea, na katika kitabu cha ubatizo mtoto aliandikwa kuwa mwanaharamu. Mama akamwacha kwa babu, Moses Parry, akaenda zake. Babu alimpenda, lakini alifariki mwaka 1846. Wajomba wakawalipa watu wengine wamtunze mtoto, kisha wakachoka kulipa.

Mwezi wa Februari 1847 mtoto aliambiwa ya kuwa anapelekwa kwa dada ya mama yake. Akaenda kwa furaha. Kumbe, alifikishwa mlangoni pa nyumba ya maskini ya St Asaph. Kengele ikapigwa, mlango ukafunguliwa, na yule aliyemleta akageuka akaenda. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita.

Humo alikaa miaka tisa. Alifundishwa kusoma na kuandika, lakini hakuwa na mtu wa kumwita mwanangu. Siku moja mama yake aliingia katika nyumba ile ile pamoja na watoto wake wengine wawili. Kijana hakumtambua mpaka alipoonyeshwa, na mama hakumkumbatia. Basi wazo moja likaota moyoni mwake kama mwiba: ya kuwa yeye hapendeki, na ya kuwa amtumainiye mtu atadanganywa.

Mwaka 1859 alifika Marekani kwa meli. Huko akajitwalia jina la mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Stanley. Mwaka 1862 alirudi kwa mama yake, mgonjwa na maskini, naye akafukuzwa. Mwaka 1866 alirudi tena, amevaa nguo za afisa wa manowari, cheo asichokuwa nacho. Safari hiyo akapokelewa. Hivyo uongo ukamletea kile ambacho ukweli ulimnyima, na ule mwiba ukazidi kuingia ndani.

Mwaka 1871 alimkuta Livingstone huko Ujiji. Mzee yule alimtendea kwa upole, nao wakakaa pamoja miezi minne, kama baba na mwana. Lakini aibu ya zamani haikuondoka. Mwaka 1872 magazeti yalipotangaza asili yake, Stanley aliikana, akasema ni Mmarekani.

Mwaka 1874 aliondoka pwani ya Afrika Mashariki na watu zaidi ya 200. Mwezi wa Januari 1877 aliyafikia maporomoko saba ya Boyoma, yaliyo juu ya Kisangani, na mwezi wa Agosti akafika Boma. Karibu nusu ya watu wake hawakufika: magonjwa, njaa, maji na vita viliwamaliza, na wengine walitoroka. Njiani alipigana mara nyingi na watu wa mtoni waliolinda vijiji vyao. Aliyefundishwa utotoni kutomwamini mtu aliona upesi adui katika mgeni na msaliti katika mpagazi aliyechoka. Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold II, na mwaka 1883 akaweka kituo penye maporomoko hayo. Watu walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe.

Yafaa kusema kweli yote. Jeraha la utoto laeleza ukali wa mtu, wala halimwondolei hatia. Waliouawa mtoni nao walikuwa watoto wa mama zao.

Mwaka 1890 Stanley alimwoa Dorothy Tennant, nao wakamlea mtoto mdogo kutoka Wales, wakamfanya wao. Mwanaharamu wa zamani akawa baba wa mtoto asiyemzaa, akampenda sana. Katika miaka yake ya mwisho alithubutu kuandika habari za nyumba ya maskini. Alifariki tarehe 10 Mei 1904, na mkewe akakitoa kitabu hicho mwaka 1909.

Hata leo huko Kisangani wako watoto waliofukuzwa nyumbani, baada ya msiba au baada ya mzazi kuoa tena, kwa kuitwa wachawi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakataza kumshtaki mtoto hivyo, na sheria ya Mungu yakataza zaidi. Neno la namna hiyo halifi siku linaposemwa. Mtoto hulisadiki, hukua nalo, na akiwa mtu mzima huwalipiza wasiomkosea.

Na mkatekumeni aliyefukuzwa utotoni asilisadiki neno lile. Nabii Isaya alifundisha ya kuwa hata mama akimsahau mtoto wake, Mungu hamsahau. John Rowlands alijitwalia jina jipya ili kuficha alivyo. Anayebatizwa hupewa jina jipya na Kanisa, wala hana la kuficha, kwa kuwa Baba wa mbinguni alimjua na kumpenda tangu tumboni mwa mama yake.