Dk. Bryce: alihesabu watoto waliokufa, wakubwa wakafunga faili

Wadau, wengi wetu tukisikia Kanada tunawaza viza, theluji na maisha mazuri. Leo nawaletea mzee mmoja wa huko, Dk. Peter Henderson Bryce. Alizaliwa Ontario mwaka 1853, akasomea udaktari, na mwaka 1882 akawa katibu wa bodi ya afya ya jimbo hilo. Mwaka 1904 serikali ikampa kazi ya mganga mkuu, aangalie afya ya wahamiaji na ya wenyeji wa asili, wale ambao wazungu waliwaita Wahindi.

Hapo ndipo alipokutana na shule za bweni. Watoto wa wenyeji walitolewa kwa wazazi wao, wakawekwa chini ya makanisa, wakakatazwa lugha ya nyumbani, ati wastaarabike. Serikali iliyalipa makanisa kwa kichwa. Sasa piga hesabu mwenyewe: mkuu wa shule akimrudisha mgonjwa kwao, hela inapungua. Basi mgonjwa anapokelewa, analala kitanda kwa kitanda na wazima, madirisha yamefungwa kipindi chote cha baridi ili moto usile kuni nyingi. Kifua kikuu kingetaka nini zaidi?

Mwaka 1907 Bryce alikagua shule 35 za Manitoba, Saskatchewan na Alberta, akawataka wakuu waeleze wanafunzi wao wameishia wapi. Shule 15 zilijibu, zikatoa habari za watoto 1,537. Karibu robo yao walikuwa wamekufa. Kwa shule ya File Hills, kati ya waliokwisha kutoka, asilimia 69 walikuwa kaburini. Gazeti la Ottawa likaiandika habari hiyo, watu wakashtuka, kisha kimya.

Bryce alitaka serikali izichukue shule, iweke madaktari na hewa safi. Makanisa hayakutaka kuachia, idara ikalia gharama. Mkataba wa mwaka 1910 uliongeza fedha na masharti, lakini shule zikabaki mikononi mwa walewale.

Mwaka 1913 idara ikapata bosi mpya, Duncan Campbell Scott, ambaye pia alikuwa mshairi mwenye jina. Huyu akamwambia daktari kwamba ripoti zake hazihitajiki tena. Na kinachoniudhi zaidi ni hiki: mwaka 1920, takwimu zikiwa kabatini, sheria ikawalazimisha wazazi kupeleka watoto. Mwaka uliofuata Bryce akastaafishwa. Mwaka 1922 akatoa kijitabu akiliita jambo hilo jinai ya taifa zima.

Siku hizi wapo wanaomfanya malaika. Mimi nasita kidogo. Hakupinga watoto kutolewa kwa mama zao, alichotaka ni wasife huko. Na kijitabu kilitoka baada ya mshahara kukoma. Ila katika ofisi ile nzima, yeye ndiye aliyehesabu na kuweka jina lake chini ya hesabu. Wengine walisoma wakapitisha faili.

Alifariki mwaka 1932 akiwa safarini melini. Shule ziliendelea mpaka miaka ya 1990, na Waziri Mkuu aliomba radhi bungeni mwaka 2008. Scott alikufa mwaka 1947. Wote wawili wamezikwa Beechwood, makaburi yaleyale ya Ottawa. Mwaka 2015 Bryce aliwekewa kibao cha kumbukumbu, na cha Scott, kilichokuwa kikimsifia ushairi, kikabadilishwa ili kitaje na zile shule.