Ezra

Ezra (kwa Kiebrania עזרא) alikuwa kuhani na mwandishi wa Kiyahudi aliyeishi Babeli, kisha Yerusalemu, wakati wa utawala wa Waajemi. Habari zake zimo hasa katika Kitabu cha Ezra (sura 7-10) na Kitabu cha Nehemia (sura 8).

Alikuwa wa uzao wa Haruni. Mwandishi wa wakati ule hakuwa mnakili tu, bali mtaalamu wa Torati aliyeweza kuifafanua.

Katika mwaka wa 7 wa mfalme Artashasta alipewa barua, iliyohifadhiwa kwa Kiaramu, lugha ya ofisi za dola hilo. Ilimruhusu kuwaongoza Wayahudi waliotaka kurudi kwao na kuweka waamuzi. Kama mfalme huyo ni Artashasta I, ilikuwa mwaka 458 KK. Wataalamu wengine wanamfikiria Artashasta II, yaani mwaka 398 KK. Waliondoka wanaume takriban 1,500 pamoja na jamaa zao, wakasafiri karibu miezi minne wakiwa na fedha na dhahabu nyingi za hekalu. Ezra aliona haya kuomba askari, kwa sababu alikuwa amemwambia mfalme kwamba Mungu huwalinda wanaomtafuta. Basi walifunga na kusali, wakafika salama.

Yerusalemu alikuta Wayahudi wengi, hata makuhani, wameoa wanawake wa mataifa jirani. Alirarua mavazi yake, akaomboleza. Kisha watu walikusanywa uwanjani mbele ya hekalu, wakitetemeka kwa mvua kubwa, wakakubali kuwaacha wake hao. Kitabu kinaorodhesha waume zaidi ya 100. Baadhi yao walikuwa wamezaa watoto na wanawake hao, lakini hakielezi wanawake na watoto hao waliishia wapi. Hofu ya taifa dogo kumezwa na majirani inaeleweka; hata hivyo uamuzi huo ulikuwa mkali, na Biblia hiyohiyo inamsifu Ruthu Mmoabu, bibi mzaa babu wa mfalme Daudi.

Tendo lake lililodumu zaidi lilifanyika mbele ya Lango la Maji. Akiwa juu ya jukwaa la mbao, alisoma Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kuelewa, huku Walawi wakiwafafanulia. Watu walilia, wakaambiwa waende kula na kunywa, tena wawapelekee wasio na kitu. Kwa njia hiyo Kitabu kilichokuwa mikononi mwa makuhani kilikuwa cha watu wote, na usomaji wa hadharani ukawa kiini cha ibada ya sinagogi hadi leo.

Marabi walimlinganisha na Musa, na Talmudi inamhusisha na kuanza kuandika Torati kwa herufi za mraba zinazotumika mpaka sasa. Wakatoliki humkumbuka tarehe 13 Julai. Waislamu wengi humtambua kuwa ndiye Uzairi anayetajwa katika Kurani, sura ya 9.

Mwanahistoria Yosefo aliandika kwamba Ezra alizikwa Yerusalemu, lakini kaburi linalosemekana kuwa lake liko Al-Uzair, kando ya mto Tigri, kusini mwa Iraki, ambako Wayahudi na Waislamu walikwenda kuhiji kwa karne nyingi.