Langley: Alichekwa kwa ndege yake, akaacha kifaa cha kunasa joto la nyota

HISTORIA ya usafiri wa ndege humtaja Samuel Pierpont Langley kama mtu aliyeshindwa. Mnamo Desemba 8, 1903, ndege aliyoiunda kwa fedha za serikali ya Marekani ilivunjika na kutumbukia katika mto Potomac, siku tisa tu kabla ya ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, kufaulu kuruka.

Magazeti yalimkejeli na wanasiasa wakalalamikia fedha zilizopotea. Hata hivyo, zaidi ya miaka 20 kabla ya aibu hiyo, msomi huyo alikuwa amebuni kifaa kidogo ambacho vizazi vyake vimetumika katika darubini za anga za juu na katika kamera zinazoona gizani.

Langley alizaliwa Agosti 22, 1834 huko Roxbury, karibu na mji wa Boston. Hakubahatika kusoma katika chuo kikuu. Baada ya shule ya upili alifanya kazi ya usanifu wa majengo na uhandisi katika miji ya Chicago na St Louis, huku akijifunza elimu ya nyota kwa juhudi zake mwenyewe. Yeye na nduguye John waliwahi kuunda darubini kwa mikono yao.

Mnamo 1867 aliteuliwa profesa katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na kukabidhiwa kituo cha kuchunguza nyota cha Allegheny. Kituo hicho kilikuwa na darubini kubwa, lakini vifaa vingine vilikuwa haba na fedha za utafiti hazikuwapo.

Profesa huyo alipata suluhisho lisilo la kawaida: aliuza saa. Kwa kutazama nyota aliweza kujua wakati sahihi, na kuanzia 1869 akawa anaupeleka kwa simu ya waya kwa kampuni ya reli ya Pennsylvania, ambayo ilihitaji saa za vituo vyake vyote zilingane. Malipo hayo ndiyo yaliyogharamia utafiti wake.

Mwaka wa 1872 wezi waliiba lenzi ya darubini yake na kudai fedha ili wairejeshe. Langley alikataa katakata, akihofia kwamba akilipa, hakuna kituo cha nyota ambacho kingesalimika. Hatimaye lenzi ilipatikana, ikiwa na mikwaruzo.

Shauku yake kubwa ilikuwa jua. Tangu 1800, William Herschel alipofanya majaribio yake nchini Uingereza, wataalamu walifahamu kwamba mwanga wa jua ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu hugawanyika katika rangi za upinde wa mvua, na kwamba kando ya rangi nyekundu kuna miale isiyoonekana kwa macho ila huhisika kama joto. Hiyo ndiyo miale ya infraredi.

Tatizo lilikuwa kuipima. Joto hilo likishatawanywa huwa hafifu mno, na vipimajoto vya wakati huo havikuweza kulitambua sehemu kwa sehemu.

Kufikia 1880, Langley alikuwa amepata jawabu. Alichukua vipande vya madini ya platini, vyembamba kuliko unywele, akavipaka masizi na kupitisha umeme ndani yake. Kipande kimoja kikiguswa na miale hupata joto, nao umeme hukipita kwa shida zaidi kuliko kile kilichofunikwa. Tofauti hiyo husukuma sindano ya mtambo wa kupimia. Kifaa hicho, alichokiita bolomita, kiliweza kutambua badiliko la joto la sehemu moja kwa laki moja ya digrii.

Mwaka uliofuata alisafirisha mitambo yake hadi Mlima Whitney katika jimbo la California, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,400, ambako hewa ni nyepesi na huzuia miale michache. Huko alithibitisha kwamba miale ya infraredi ya jua huenea mbali kuliko ilivyodhaniwa. Kiwango alichokadiria cha nishati ya jua inayoifikia dunia kilikuja kuonekana kuwa kikubwa kupita kiasi, lakini njia aliyoifungua haikufungwa tena.

Alipima pia joto linalotoka mwezini. Mnamo 1896, mwanasayansi Svante Arrhenius wa Uswidi alitumia vipimo hivyo kukadiria jinsi hewa ya kaboni inavyoongeza joto duniani. Hivyo, hesabu za mwanzo za mabadiliko ya tabianchi zilitegemea kazi ya Langley.

Kufikia wakati huo alikuwa akiongoza taasisi ya Smithsonian jijini Washington, wadhifa aliopata 1887, na moyo wake ulikuwa umehamia kwenye ndege. Mnamo Mei 6, 1896, ndege yake ndogo ya injini ya mvuke, isiyo na rubani, iliruka takriban kilomita moja. Jeshi lilimpa dola 50,000 aunde ya kubeba mtu. Ilianguka Oktoba 7, 1903, na tena Desemba. Rubani wake, Charles Manly, aliokolewa mara zote mbili.

Langley hakujaribu tena. Alifariki Februari 27, 1906 huko Aiken, South Carolina, akiwa na umri wa miaka 71. Hakuwahi kuoa.

Bolomita haikufa naye. Mnamo 1961, Frank Low, ambaye baadaye alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Arizona, aliunda aina mpya kwa madini ya jerimani iliyopozwa kwa baridi kali, na kuwawezesha wataalamu kuchunguza nyota zilizofichwa na vumbi. Darubini ya Herschel, iliyorushwa na shirika la anga za juu la Ulaya mnamo 2009, ilitumia bolomita kutazama mahali nyota zinapozaliwa, hadi ilipokoma kufanya kazi 2013.

Kamera nyingi za joto zinazotumiwa na wazima moto na walinzi hubeba maelfu ya bolomita ndogo mno. Hapa Kenya, kamera za joto zilianza kutumiwa katika Maasai Mara mnamo 2016 kuwanasa majangili usiku.

Kituo cha NASA kilichoko Virginia, kinachotafiti mambo ya ndege, kina jina la Langley, na vilevile kipimo kimoja cha nishati ya jua. Ndege yake ilihitaji sekunde chache kuzama. Kazi ya bolomita yake imeendelea kwa zaidi ya miaka 140.