Kosa dogo lililomnyenyekeza Kepler



Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 huko Weil der Stadt, Ujerumani. Utotoni aliugua ndui, ukamwachia macho dhaifu. Alisomea theolojia akitamani kuwa mchungaji wa Kilutheri, lakini mwaka 1594, kabla hajamaliza, alitumwa Graz, Austria, kufundisha hisabati. Alisikitika. Baadaye akatambua kwamba hata kwa hesabu mtu anaweza kumtukuza Muumba.

Mwaka 1600 alikwenda Prague kwa Tycho Brahe, aliyekuwa amepima mienendo ya sayari kwa miaka mingi. Brahe alifariki mwaka uliofuata, na Kepler akabaki na vipimo vyake akihangaika na sayari ya Mirihi.

Tangu enzi za Wagiriki wa kale, wataalamu waliamini kwamba sayari huenda kwa mduara, kwa kuwa mduara ni umbo kamilifu. Kepler naye aliamini hivyo. Hesabu zake zilikaribia kabisa vipimo vya Brahe, zikapishana navyo kwa kiasi kidogo tu: kama robo ya upana wa mwezi tunavyouona angani.

Mwingine angesema inatosha. Kepler alijua kwamba Brahe hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho. Akaiweka kando kazi iliyomgharimu miaka, akaanza upya. Mwaka 1609 alitangaza kwamba Mirihi huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, yaani kama mduara uliobanwa kidogo.

Maisha hayakumhurumia. Alizika watoto. Akiwa Linz, kanisa lake lilimnyima Meza ya Bwana kwa tofauti ya mafundisho. Mama yake alishtakiwa kwa uchawi, naye akamtetea mpaka alipoachiwa mwaka 1621. Kepler alifariki mwaka 1630, akiwa bado anamwamini Mungu.

Mpendwa, kila mmoja wetu ana mduara wake. Tumekwisha kumchorea Mungu njia ya kupitia: ndoa iwe hivi, uponyaji uje vile. Mambo yakipishana kidogo na mchoro wetu, twafumba macho, au twanung'unika. Kepler aliufuta mchoro wake, akaipokea mbingu kama Mungu alivyoiumba.

Leo, ukiwa mbele za Bwana, ni mduara gani unapaswa kuufuta?

Jumapili njema.