Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Mafungu ya kusoma wiki hii: Habakuki 3:17–19, Wafilipi 4:10–13, 1 Timotheo 6:6–10, Waebrania 13:5.

Karibu kila mtu aliyesoma historia shuleni katika nchi yetu amewahi kukariri jina la Johannes Rebmann. Swali la mtihani huwa lile lile: Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro ni nani? Mwanafunzi anaandika jina, anapata alama yake, na habari za Rebmann zinaishia hapo. (Wachaga walikuwa wakiuona mlima huo kila asubuhi tangu enzi za mababu zao, lakini hilo mtihani hauulizi.) Kuuona mlima kulikuwa jambo la siku moja. Mtu huyu alikaa pwani ya Afrika Mashariki miaka 29, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haina mlima, haina sifa, wala haina matunda ya kuhesabika. Kwa kuwa somo letu ni imani na kuridhika, tutaitazama miaka hiyo.

Rebmann hakuwa Mwadventista wa Sabato, na tusijaribu kumfanya awe. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani, katika jamaa ya wakulima waliokuwa wakisoma Biblia nyumbani kwa bidii. Kanisa letu lilipoundwa rasmi mwaka 1863, yeye alikuwa ameshakaa Rabai miaka kumi na saba. Wamisionari wetu wa kwanza walipofika Upare mwaka 1903, alikuwa kaburini miaka 27. Hata hivyo, mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi kwamba kuridhika ni jambo la kujifunza, hakusema kwamba darasa hilo ni la watu wa jina fulani tu.

Alisoma katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza. Alifika Mombasa mwezi Juni 1846. Aliyempokea ni Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga hapo hapo Mombasa. Mwezi Agosti wawili hao wakahamia Rabai, katika vilima vilivyo juu ya Mombasa, kwa watu ambao siku hizo waliitwa Wanyika na leo ni Wamijikenda. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Wakapokezana, mmoja akipanda na mwingine akijikokota kwa miguu.

Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Aliota mlolongo wa vituo vya injili kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Rebmann alikuwa mtu wa namna nyingine: mkimya, mwenye kushika jambo moja na kulifanya mpaka mwisho. Ndiye aliyetumwa kwanza kwenda bara. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka Rabai na wapagazi wachache na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, hana silaha, ana mwavuli wake. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alipomwuliza kiongozi wake kile ni nini, yule akakieleza kwa neno la baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, akaelewa mara moja.

Habari hiyo ilichapishwa London mwaka 1849, na wataalamu wakaicheka. Mkali kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimiwa sana kwa maandishi yake juu ya Afrika ya kati, ingawa hakuwahi kukanyaga huku. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Ilidaiwa kwamba macho ya mmisionari huyo ni mabovu na kwamba ameona mambo ya kuwaziwa. Uthibitisho ulikawia zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na tena 1862, akaiona theluji. Ndipo jumuiya ya wanajiografia ya London ikamtunuku von der Decken nishani ya dhahabu. Sehemu kubwa ya muda huo Rebmann alikuwa Rabai akifundisha watoto kusoma na kukusanya maneno ya kamusi.

Hapa ndugu walimu wa madarasa wasipite haraka. Leo neno moja la kejeli likiandikwa kwenye kundi la simu, mtu halali usiku. Atajibu, atajibiwa, atapiga picha ya maandishi na kuituma kwa wengine wamwonee huruma. Picha zenyewe tunazotumiana, nyumba mpya, sherehe, gari la kuazima, zinamfanya kijana wa Matombo aione karafuu ya baba yake kuwa aibu na mdalasini wake kuwa uchafu wa mikononi. Jadilini darasani: je, ukweli ulioukuta unabadilika kwa kuwa wakubwa hawakuusadiki? Na ni kitu gani kinachomwezesha mtu kungoja miaka kumi na mitatu bila moyo kuingia kutu?

Kuridhika kwa Rebmann hakukuwa baridi ya moyo, na tukio la mwaka 1849 linaonyesha hivyo. Safari ile alikusudia kufika mbali zaidi, hadi Unyamwezi, akiwa na wapagazi wapatao thelathini na vitambaa vya kutosha kulipia njia. Alifika Machame kwa mangi Mamkinga. Mangi akamkaribisha vizuri, kisha akaanza kuvimaliza vile vitambaa, leo kipande, kesho kipande, mpaka pakabaki pasipo na kitu cha kusonga mbele. Hata siku ya kuagana, watu walimtemea mate ya baraka kwa desturi yao, kisha wakadai malipo ya baraka hiyo. Rebmann alilia mbele yao. Alipoulizwa sababu akaeleza kwamba halilii mali. Vitu vile vilitolewa na watu maskini wa kwao ili Kitabu cha Mungu kifike Unyamwezi, na sasa hakitafika. Akarudi Rabai ameishiwa kabisa, akiwa mgonjwa.

Kwa hiyo tusimwelewe vibaya mtu aliyeridhika. Si mtu asiyeumia. Habakuki naye alitetemeka mwili mzima katika sura ile ile ambamo anafurahi bila mtini kuchipuka wala ng'ombe zizini. Wapo kati yetu wanaohubiri kuridhika kama dawa ya kuwanyamazisha maskini, hasa wakihubiri kwa wengine. Biblia haifanyi hivyo. Yakobo 5 inawakemea wazi wanaozuia ujira wa wavunaji. Mkulima anayedai bei ya haki ya karafuu zake hajavunja somo hili.

Mwaka 1851 Rebmann alioa huko Misri, akarudi Rabai na mkewe Emma. Walimzika mtoto wao angali mchanga. Krapf, afya yake ikiwa imevunjika, aliondoka mwaka 1853. Jakob Erhardt, mwenzao wa tatu, akaondoka mwaka 1855. Kabla hajaondoka, yeye na Rebmann walikuwa wamechora ramani kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, na ndani yake waliweka ziwa moja kubwa mno, lililolala kama konokono asiye na gamba katikati ya Afrika. Ramani ilikosea, maana maziwa ni matatu. Lakini ndiyo iliyowasukuma Burton na Speke kuja mwaka 1857. Walifika Rabai kumwona Rebmann, na ulikuwapo mpango wa yeye kufuatana nao, lakini hakwenda. Msafara wao ukapanda kutoka pwani kwa njia ya mto wetu wa Ruvu, wakati ule ukiitwa Kingani, ukafika Zungomero katika Ukutu, chini ya milima yetu ya Uluguru. Watu wa Kisaki na Dutumi wanajua ni mahali gani. Burton na Speke wakarudi Ulaya na majina makubwa.

Yeye alibaki, ingawa si kwa utulivu. Wamasai waliposhambulia nchi ya Rabai mwaka 1857 ilimbidi akimbilie Zanzibar, akakaa huko kama miaka miwili, kisha akarudi kujenga upya. Waongofu walikuwa wachache sana. Wa kwanza wa Rabai, Mringe, alikuwa kilema na alikufa muda mfupi baada ya kubatizwa. Baadaye palikuwa na watu kama Abe Ngoa na jamaa yake. Mwaka 1866 Emma akafariki, na Rebmann akamzika Rabai. Macho yake, yale yaliyodhihakiwa London, yakaanza kupofuka kweli.

Wapo waliomlaumu, nao si wa kupuuzwa. Walisema amejifungia na kamusi zake, kwamba mtu mwenye bidii zaidi angeondoka Rabai na kujaribu mahali pengine. Huenda kuna ukweli ndani yake. Kukaa mahali pamoja si utakatifu wenyewe. Lakini angalieni kamusi zilivyopatikana. Mombasa Rebmann alikutana na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa kutoka nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa. Mtu ambaye sokoni alikuwa na bei, Rebmann aliketi naye kama mwalimu, akajifunza lugha yake neno kwa neno, akaandika. Hakuwa na kanisa Nyasa, na hakuwa na matumaini ya kufika huko. Aliandika kwa ajili ya watakaokuja.

Hilo ndilo linalonigusa kuliko mlima, na nadhani ndipo somo hili linapotubana sisi tunaoishi sasa. Tumezoeshwa kutaka matokeo upesi. Mikopo ya kausha damu inatolewa asubuhi na kudaiwa jioni, na dada zetu wengi wameingia humo si kwa njaa bali kwa kutaka kufanana na jirani. Wahubiri fulani wanauza mafuta na maji wakiahidi gari kabla ya mwezi kuandama. Hata kanisani, uinjilisti usipotoa wabatizwa wengi kwa majuma matatu, tunasema mahali hapo ni pagumu, tunakunja hema. Darasa lisome 1 Timotheo 6:6–10 na kujibu: katika kijiji chetu, hamu ya kupata upesi imemgharimu nani, na nini?

Mwaka 1873 mjumbe wa serikali ya Uingereza, Sir Bartle Frere, aliyekuja kushughulikia kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann Rabai akiwa karibu kipofu kabisa, amezungukwa na kikundi kidogo cha waumini na makaratasi yake. Safari hiyo ilifanya chama cha misheni kikumbuke tena pwani hii. Mwaka uliofuata wamisionari wapya walifika na kuanzisha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kijumba cha Rabai kilichoonekana hakina maana kikawa tayari kina watu wa kuanzia kazi.

Rebmann aliondoka mwaka 1875. Tangu 1846 hakuwa ameiona nchi yake hata mara moja. Kwa kuwa hakuona njia, alishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa yule Abe Ngoa, aliyesafiri naye mpaka Ulaya. Alikaa Korntal, karibu na alikozaliwa, jirani na Krapf, rafiki yake wa siku za punda mmoja. Hapo alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na miaka 56. Krapf akayachukua yale makaratasi, akayapanga, na mwaka 1877 kamusi ya lugha ya Nyasa, maneno ya Salimini, ikachapishwa.