Carothers na Istilahi za Nafsi

Daktari John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifika Kenya mwaka wa 1929. Kuanzia 1938 hadi 1950 aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ijapokuwa alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea saikiatria. Istilahi hiyo yatokana na Kiyunani: psykhe ni pumzi au roho, iatros ni tabibu. Tabibu huyu wa roho, hata hivyo, alivutiwa zaidi na ubongo. Mwaka wa 1951 alimlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyefanyiwa leukotomia, yaani kukatwa (tome) nyuzi nyeupe (leukos) za sehemu ya mbele ya ubongo. Weupe huo, lo!

Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo, chanzo kikuu cha uasi si ardhi iliyonyakuliwa, bali ni wasiwasi wa nafsi iliyong'olewa katika mila. Aliwaandikia Wakikuyu hasa, lakini serikali iliwatia Waembu na Wameru katika fungu lilo hilo. Kwa hiyo hata mkulima wa pande za Gakoromone, Meru, aliyelilia shamba, aliweza kuhesabiwa mgonjwa kwa Kiyunani asichokijua. Carothers aliaga dunia mwaka wa 1989.